TABORA: MJI ULIOLISHWA KWA JEMBE LA MAMA

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za malezi, mapishi na afya ya nyumbani. Safari hii tunawaomba mfuatane nasi mpaka Tabora, katika njia ya zamani ya misafara. Yuko atakayeuliza, habari za misafara zinatuhusu nini sisi wenye watoto wa kulisha? Zinatuhusu sana. Shuleni tulikaririshwa majina ya Wazungu waliopita Tabora, watemi waliopigana, na wafanyabiashara waliotajirika kwa pembe za ndovu. Hatukuambiwa ni nani aliyepika. Maelfu ya watu walipita hapo kila mwaka, na kila jioni kila mmoja wao alihitaji kula.

Sisi tunaoandika haya ni akina mama wa kujitolea wa kanisani, na baadhi yetu ni wauguzi. Kazi ya kupima watoto uzito na kufundisha lishe imetufikisha katika vijiji vingi vya mkoa huu, kwa baiskeli, kwa basi na hata kwa miguu. Mengine tumeyasoma, mengine tumeyaona.

NCHI YA MIOMBO NA MBUGA

Mkoa wa Tabora uko katika uwanda wa juu wa magharibi mwa Tanzania. Mji wenyewe uko kama meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake si lile la Dar es Salaam, na usiku wa mwezi wa Juni mama mwenye mtoto mchanga hutafuta blanketi. Ni mkoa mpana: una zaidi ya kilometa za mraba 76,000, karibu mara tatu ya nchi nzima ya Rwanda. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 3, katika Manispaa ya Tabora na wilaya za Uyui, Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua na Sikonge.

Sehemu kubwa ya nchi hii ni msitu wa miombo. Si msitu mzito wenye giza. Ni miti iliyoachana kidogo, nyasi chini yake, na jua hupenya. Humo kuna mninga, ambao fundi seremala yeyote atakuambia thamani yake, na aina nyingi za miti ambayo maua yake ni malisho ya nyuki. Mvua huanza kama mwezi wa Novemba na kukoma Aprili. Ajabu ya miombo ni kwamba hutoa majani mapya kabla ya mvua kunyesha, wakati ardhi bado ni kavu kama mfupa, na majani hayo huwa mekundu. Mgeni hudhani msitu unaungua.

Kati ya miinuko kuna mbuga, yaani mabonde ya udongo mweusi yanayotuamisha maji wakati wa mvua. Humo hulimwa mpunga. Kiangazi mito mingi hukauka, na tangu zamani watu wamekaa mahali ambapo kisima hakikauki. Mji wa Tabora wenyewe ulikulia mahali palipokuwa na maji na chakula. Katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa Nzega, Igunga na Tabora kwa mabomba, jambo ambalo mama aliyewahi kuamka saa tisa usiku kupanga foleni ya ndoo hahitaji kuelezwa maana yake.

Iko hali nyingine ya nchi hii iliyoamua historia yake yote, nayo ni mbung'o. Mdudu huyu hukaa katika miombo, huwaambukiza ng'ombe, punda na farasi ugonjwa wa nagana, na binadamu malale. Ndiyo sababu katika njia hii mzigo haukubebwa na mnyama. Ulibebwa na mtu, kichwani au begani.

WATU WA MZIGO

Njia kuu ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikavuka nchi kavu ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiko Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo Tabora njia ziligawanyika. Moja ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi mpaka Katanga. Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 na kufika Kazeh, kama mji ulivyoitwa wakati huo, tarehe 7 Novemba. Ni zaidi ya miezi minne. Burton alipokewa vizuri na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, na ni kutoka hapo Kazeh Speke alikwenda kaskazini mwaka 1858 akaliona ziwa ambalo alilipa jina la malkia wake, Victoria. Wenyeji wa kando ya ziwa walikuwa wanalo jina lao tayari.

Lakini tusidhani biashara hii ililetwa na wageni. Wanyamwezi walikuwa wakifanya biashara ya mbali kabla Mwarabu hajajenga nyumba Tabora. Walichukua chumvi ya Uvinza, majembe ya chuma ya nchi za kaskazini-magharibi, na shaba ya Katanga. Jembe la chuma lilikuwa fedha na lilikuwa mahari. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 walikuwa wamefika pwani wenyewe na pembe zao. Inasemekana watu wa pwani ndio waliowapa jina la Wanyamwezi, kwa kuwa walitoka upande wa magharibi, mwezi mwandamo unakoonekana.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Pembe kubwa ilizidi hapo. Mpagazi aliweka ngata kichwani au alitwika begani, na juu ya mzigo wake aliongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mbele alikwenda kirangozi akiwa amejipamba manyoya. Kutoka pwani walipanda na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Kushuka walikuja na pembe. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani ilikuwa ndiyo kuwa mwanamume. Aliyekuwa hajaona bahari alitaniwa mpaka aone aibu, na wazee husema hata kuoa kulimwia vigumu. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani, ambao mpaka leo unaweza kumfanya Mzaramo achukue kanzu ya marehemu msibani bila mtu kumkasirikia, wengi huuhesabu kuwa ulizaliwa katika safari hizo.

CHAKULA CHA NJIANI

Sasa tufike palipotuleta. Msafara wa watu mia tano haubebi chakula cha miezi mitatu. Kiongozi aliwagawia wapagazi posho, na posho hiyo wakati mwingi haikuwa unga. Ilikuwa kipande cha kitambaa au kete za shanga, na mpagazi alikwenda nazo kijijini kununua mtama, mahindi, viazi, mihogo au karanga. Aliyeuza mara nyingi alikuwa mama mwenye ungo wake. Rangi ya shanga ikiwa si ile inayopendwa kijiji hicho, ungo ulifunikwa, na msafara mzima ulilala njaa ukiwa na utajiri mwingi kichwani. Wasafiri wa zamani wameandika kwa uchungu habari za shanga zilizokataliwa. Sisi tukisoma tunacheka kidogo, maana tunawajua akina mama wa sokoni.

Tabora ilikuwa kituo kikubwa kwa sababu hiyo. Misafara ilipumzika wiki na hata miezi, ikingoja mvua ipite au vita itulie, na wote hao walikula. Mashamba yaliuzunguka mji. Mpunga ulishika mbugani, na miembe ikapandwa. Mpaka leo miembe ya Tabora ni ya kutajwa, na ukienda barabara ya Kwihara utaona mizee isiyokumbatika na watu wawili. Husemwa kwamba mingi iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na waliopita, huru kwa watumwa.

Hapa kuna jambo lisilopendeza kulisema, lakini ni kweli. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliokwenda kwa ujira. Lakini katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa, na si wote waliokwenda mpaka pwani. Wengi walibakizwa Unyamwezi kwenyewe, hasa wanawake na watoto. Wanaume walipokuwa safarini miezi mingi, jembe lilishikwa na wake zao, na kando yao wanawake waliokamatwa Manyema au Katanga, ambao hawakuwa na ndugu wa kuwaulizia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini bara utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Bibi aliyezaliwa wakati huo amewahi kupakata wajukuu ambao leo ni wazee wa kanisa.

Wako pia wanawake waliosafiri. Wapagazi wa Kinyamwezi mara nyingi walifuatana na wake zao, ambao walibeba vyungu na watoto, na wakifika kambini, mume akiwa ametua, wao ndio kwanza walianza kazi ya kutafuta maji na kuni. Mmoja jina lake limeandikwa: Halima, mpishi wa Daktari Livingstone. Kilometa chache nje ya Tabora, pale Kwihara, lipo tembe la makumbusho ambako Livingstone alikaa na Stanley mwezi wa Februari 1872, baada ya kukutana Ujiji mwaka uliotangulia. Stanley aliondoka Machi. Livingstone akabaki akingoja watu na vifaa mpaka Agosti, akaenda zake kusini na asirudi. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakapitia hapa Unyanyembe. Halima alikuwa katika msafara huo. Watoto wetu wa shule wanamjua Livingstone. Kila tunapokwenda Kwihara tunawauliza kama wanamjua aliyempikia, wanatazamana.

Tembe lile, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, limo katika orodha ya awali ya njia ya biashara ya watumwa na pembe ambayo Tanzania iliipeleka UNESCO mwaka 2006.

BUNDUKI NA MARADHI

Habari za vita tutazipita upesi. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alitaka wafanyabiashara Waarabu walipe kodi kama wengine. Walimwondoa, akapigana nao miaka kadhaa mpaka akauawa mwaka 1865. Kisha Mirambo wa Urambo aliifunga njia kwa vita vya kuanzia mwaka 1871, akajenga himaya yake na kufariki mwaka 1884. Mtemi Isike alipigana na Wajerumani, na Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, alijilipua kwa baruti pamoja na watu wake wa karibu kuliko kukamatwa.

Kama wauguzi, tunakaa zaidi katika jambo lingine. Njia ya watu ni njia ya maradhi. Ndui ilisafiri na misafara, na mgonjwa aliyeshindwa kutembea aliachwa chini ya mti. Kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kilifuata njia hizo hizo. Hata funza, huyu mdudu wa vidoleni, hakuwa wetu. Alivuka bahari kutoka Brazil akafika Angola mwaka 1872, na ndani ya miaka thelathini alikuwa amelivuka bara lote mpaka pwani yetu ya mashariki, katika nyayo za wapagazi. Ndui imekwisha duniani. Funza tunamkuta bado, na tunawaambia akina mama lile lile: sakafu ya udongo inyunyiziwe maji na kufagiwa, miguu ya mtoto ioshwe na kukaguliwa kila jioni, na pini moja isitumike kwa watoto wawili.

RELI ILIPOFIKA

Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya mzigo wa kichwani, iliyolisha na kuua vizazi, ingekwisha hapo. Lakini vita vya kwanza vya dunia vikaanza mwaka huo huo, na majeshi yote, ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, yakawakamata wanaume kwa nguvu wawe wapagazi. Walikufa kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani waliozingirwa walifyatua sarafu zao hapo Tabora mwaka 1916, hata za dhahabu zenye picha ya tembo, na mwezi wa Septemba mwaka huo jeshi la Wabelgiji liliingia mjini.

Baada ya hapo nchi ikawa Tanganyika Territory, chini ya Mwingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Reli ya kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na Tabora ikawa mahali treni zinapoachana. Vijana waliokuwa wakienda pwani na pembe sasa walikwenda kukata mkonge. Njia ilikuwa ile ile, ujira mdogo, na mama alibaki na shamba.

Mji wenyewe ukawa wa shule. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa watemi, ndiko alikosoma Julius Nyerere, naye akarudi Tabora kufundisha St. Mary's. Mwaka 1958 TANU ilikutana hapo Tabora na kukubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, uamuzi ambao huitwa wa busara.

KARANGA ZA WAINGEREZA, TUMBAKU YETU

Baada ya vita vya pili Waingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kupikia kwao. Mwaka 1947 walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta yaling'oa miombo kwa minyororo. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na zaidi ya paundi milioni 35 zilikuwa zimepotea. Wakati wote huo mama wa Kinyamwezi alikuwa akipanda karanga zake kwa jembe kando ya mahindi, na zilikuwa zinaota. Hakuna aliyemwuliza.

Urambo ilibaki na mashamba yaliyofyekwa, na katika miaka ya 1950 yakatiwa tumbaku. Ndiyo iliyobaki mpaka leo, ikaenea Kaliua, Sikonge, Uyui na kwingineko. Hatutaki kuidharau kazi ya watu. Tumbaku imejenga nyumba za bati, imelipa ada, na imenunua baiskeli na pikipiki. Lakini tumekaa katika nyumba hizo wakati wa msimu, na tunataka kusema tuliyoyaona.

Kitalu huanza kabla ya mvua, na kila siku kinamwagiliwa kwa ndoo. Mama ndiye ndoo. Mvua zikinyesha miche huhamishwa. Kuanzia Januari majani huchumwa kidogo kidogo kutoka chini kwenda juu, hufungwa katika fito, na kuingizwa katika bani, ile nyumba ndefu ya kukaushia. Moto hauzimwi karibu wiki nzima, usiku na mchana, na kuni zake ni miombo. Kisha huja kuchambua madaraja. Katika kazi zote hizo tumeona mikono ya mama na ya watoto. Siku ya malipo tunaona jina moja katika kitabu cha chama cha msingi, nalo mara nyingi ni la baba. Iko nyumba baba hurudi na fedha zote mkononi na kuketi na mkewe. Iko nyumba baba huonekana baada ya wiki mbili, na redio mpya.

Mama mmoja wa upande wa Urambo alituambia, "Dada zangu, mimi najua uzito wa tumbaku yangu kwa mgongo. Bei yake naisikia kwa majirani."

Tulimwuliza kama haruhusiwi kuwa mwanachama. Akasema anaruhusiwa, ila hajawahi kufikiri kwamba anaweza kwenda kuandikisha jina. Mwaka uliofuata tulimkuta ameandikisha, yeye na jirani zake wawili. Mumewe alikuwepo, alicheka akasema, "Sasa naogopa kuchelewa nyumbani."

UGONJWA UNAODHANIWA MALARIA

Jambo hili tunaomba lisomwe na kila aliye na ndugu katika vijiji vya tumbaku. Jani bichi la tumbaku lina nikotini, na likiwa limelowa umande au mvua, nikotini hiyo huyeyuka katika maji na kupenya ngozi. Mchumaji aliyelowa nguo asubuhi nzima huanza kusikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, jasho, mate mengi na mwili kulegea. Hali hiyo huja saa chache baada ya kazi na huweza kukaa siku moja au mbili. Kwa kuwa ni masika, kila mtu husema ni malaria. Mama kijana huambiwa ana mimba. Tumeona waliomeza dawa za malaria mara tatu katika msimu mmoja bila kupimwa.

Basi, pima damu kwanza. Kisha mwulize mgonjwa alikuwa akifanya nini jana. Kama inawezekana, ngojeni umande ukauke ndipo mchume. Vaeni mikono mirefu, glovu za mpira zikipatikana, na hata mfuko wa plastiki wenye matundu ya kichwa na mikono unasaidia kuzuia maji. Nguo iliyolowa ivuliwe mara moja na mwili uoshwe kwa sabuni. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuchuma. Mama mjamzito akae mbali na majani mabichi, apewe kazi nyingine, na hapo ndipo mume anapoonyesha mapenzi yake. Watoto wa shule wasipelekwe kabisa: mwili wao ni mdogo, sumu ile ile huwa kubwa kwao, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kuwatia katika kazi za hatari.

VITU VYA MSITUNI

Kila bani hula kuni, na miombo inayokatwa ndiyo inayotoa asali. Kijiji hakiwezi kuvuna vyote viwili kwa miaka mingi bila kupanda miti na bila kuacha eneo lisiloguswa. Wazee wanalisema hili kuliko sisi. Yupo aliyetuonyesha mahali ambapo babu yake alitundika mizinga. Sasa ni shamba tupu, na nyuki wamehama mwendo wa siku nzima.

Asali ya Tabora ni ya zamani kama njia yenyewe, na nta yake imesafirishwa nje tangu enzi za wakoloni. Mji una chuo cha ufugaji nyuki. Zamani kazi hii ilikuwa ya wanaume peke yao, kwa sababu ilidai kupanda miti mirefu na kulala porini wiki nyingi. Mzinga wa gome pia una hasara: gome la mti mkubwa hubanduliwa, na mti hufa. Mizinga ya sanduku huwekwa chini karibu na nyumbani, na imewafungulia akina mama mlango. Vikundi kadhaa tunavyovifahamu vina mizinga yao, na fedha ya asali huingia katika mkono ule ule uliorina.

Neno moja la kiuguzi kabla hatujaendelea: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulambishwa kidoleni. Tunajua desturi ya kumwonjesha mtoto mchanga asali. Lakini asali safi kabisa inaweza kuwa na vijidudu ambavyo mtu mzima havimdhuru na mtoto mchanga humlegeza misuli mpaka ashindwe kupumua. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yanatosha. Akishatimiza mwaka, alambe.

Mvua zikianza kuna uyoga, ambao huuzwa kando ya barabara katika mabeseni, na ununuliwe kwa mama anayeujua, kwa maana uyoga wa sumu haujitangazi. Kuna mbula na ntonga za watoto wachungaji. Na kuna vyakula vya kukausha ambavyo msafara wowote ungevifurahia. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi. Matobolwa ni ndugu yake, na kwa ladha sisi tunayapendelea.

Kutengeneza matobolwa, chagua viazi vitamu visivyo na wadudu, vioshe, uvichemshe na maganda yake mpaka viive lakini visipondeke. Vikipoa menya, kata vipande virefu vya unene wa kidole, uanike juu ya chanja au mwamba safi, na kufunika kwa chandarua kwa ajili ya inzi. Usiku uviingize ndani. Baada ya siku kadhaa za jua kali huwa vigumu na kulia kama vijiti vikigongana. Weka katika chombo kikavu. Mtoto anaweza kutafuna hivyo hivyo, au uvichemshe tena na karanga za kuponda. Viazi vya rangi ya chungwa vina vitamini A zaidi, lakini jua kali hupunguza vitamini hiyo, kwa hiyo vianike kivulini penye upepo.

Siku hizi njia ya zamani inapata reli ya tatu, tukihesabu wapagazi kuwa ya kwanza. Reli mpya kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, na kazi ya kuifikisha Tabora inaendelea. Penye kambi za wajenzi pana vibanda vya mama lishe. Tulisimama katika kimoja, tukamwamkia mwenyewe, "Mwangaluka, mayo," akaitikia bila kuinua macho, maana sufuria tatu zilikuwa motoni. Tulimwuliza anawapikia watu wangapi. Alisema jana walikuwa arobaini, leo hajui, ila ameongeza unga. Halafu akatuuliza kama tunajua mtu mwenye maharage ya bei nafuu.